Maneno ni yetu, sauti ni ya nani? "Baba Yetu" ya Christopher Tin kwa masikio ya Mswahili

Anza kusali Baba Yetu mbele ya mtu aliyelelewa katika kanisa la Kiswahili, kisha nyamaza ukishasema "jina lako litukuzwe". Atamalizia mwenyewe: ufalme wako. Mmoja atasema "uje", mwingine atasema "ufike", kila mtu na kanisa lake, lakini hakuna atakayeruka. Sala hii tumeimeza tukiwa wadogo kiasi kwamba midomo huisali hata akili ikiwa sokoni.

Christopher Tin aliruka. Katika wimbo wake "Baba Yetu", baada ya jina kutukuzwa, kwaya inakwenda moja kwa moja kwenye chakula: "Utupe leo chakula chetu tunachohitaji." Ufalme unakuja baadaye kabisa, makosa yakishasamehewa na yule mwovu akishatajwa. Mamilioni ya watu duniani wameusikia wimbo huu bila kugundua mruko huo, kwa kuwa hawajui Kiswahili. Sisi tunaujua, ndiyo maana nadhani tunao wajibu wa kuusikiliza kwa namna ambayo mhakiki wa London au Los Angeles hawezi. Sifa umekwisha kupewa nyingi. Uchambuzi kutoka kwa wenye lugha ni haba mno.

Kwa asiyemfahamu, Tin ni Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1976, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Hong Kong. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, kisha Royal College of Music mjini London. Akiwa Stanford aliimba katika Talisman, kwaya ya wanafunzi inayoimba bila ala na inayopenda sana nyimbo za Afrika na za watu wenye asili ya Afrika. Rafiki yake wa siku hizo za chuo, Soren Johnson, baadaye akawa mbunifu mkuu wa mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, uliotoka mwaka 2005, akamwomba wimbo wa kufungulia mchezo. Tin akaandika "Baba Yetu", na Talisman wakauimba. Mwaka 2009 akaurekodi upya pamoja na Soweto Gospel Choir na Royal Philharmonic Orchestra, akauweka mwanzoni mwa albamu yake ya kwanza, Calling All Dawns. Februari 2011 wimbo ukapata tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kufika hapo, na albamu nayo ikapata Grammy yake usiku uleule.

Tangu hapo Tin amekuwa mfano unaotajwa kila watu wanapozungumzia mtunzi wa okestra anayechanganya mapokeo ya muziki ya dunia. Calling All Dawns ina nyimbo 12 katika lugha 12: Kiswahili, Kijapani, Kichina, Kireno, Kifaransa, Kilatini, Kiirishi, Kipolandi, Kiebrania, Kiajemi, Kisanskriti na Kimaori. Kwa Kireno alimwita Dulce Pontes, mwimbaji wa fado, nyimbo za jadi za Ureno. Kwa Kiajemi akamwita Sussan Deyhim, mzaliwa wa Iran, aimbe mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Uajemi. Wimbo wa Kiirishi umetoka katika desturi ya wanawake ya kuomboleza maiti, na wa Kisanskriti umetoka katika Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu. Kila wimbo umepewa mwimbaji anayeijua kazi yake, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa heshima kubwa, kwani watunzi wengi wakubwa waliomtangulia walichukua nyimbo za watu na kuwaacha watu wenyewe nyumbani.

Nilipousikia "Baba Yetu" mara ya kwanza nilidhani ni kwaya ya Afrika Kusini iliyojifunza Kiswahili, na kumbe ndivyo ilivyokuwa. Soweto Gospel Choir ilianzishwa mwaka 2002, na ina ile sauti pana ya kwaya za Kizulu na Kisotho: besi nzito iliyokaa chini kama msingi wa nyumba, sauti za kike zinazopasua juu, mwanzishaji mmoja anayerusha mstari na umati unaoudaka. Chini yake Tin ameweka ngoma, na nyuma yake okestra nzima ya kisinema. Hakuna kitu humo ambacho mtu wa Mwanza, Mombasa au Bukavu angekisikia akasema, hii ni ngoma yetu. Kilicho chetu ni maneno.

Lakini maneno si kitu kidogo, na hapa ndipo napotofautiana na wale wanaoupuuza wimbo huu kama pambo.

Wanakwaya wote wa Afrika Mashariki wanajua mateso ya tenzi zilizotafsiriwa. Mmisionari alikuja na tuni yake kutoka Ujerumani au Uingereza, akapachika Kiswahili juu yake silabi kwa silabi. Tuni za kwao mara nyingi zinaishia kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake, kwa zaidi ya miaka mia moja tumekuwa tukimwimba "Mungú" na "Bwaná", na kumwomba atupokee "mbinguní", kwa lafudhi ambayo hakuna mtu angeitumia barabarani. Tumeizoea hata hatuisikii tena. Mtoto anayejifunza kuimba kanisani anajifunza pia kwamba lugha yake inapaswa kupinda ili muziki upite.

Sasa msikilize Tin. BA-ba YE-tu: mapigo yanakaa palepale ambapo mama anayemwita mumewe angeyaweka. Mbi-NGU-ni: pigo limeangukia "ngu". Li-tu-KU-zwe. Kwa sehemu kubwa ya wimbo mapigo yanafuata usemi, na irabu zetu zilizo wazi mwishoni mwa kila neno zinaachwa ziwe nafasi za kupumulia na kupokezana. Pale ambapo silabi hazitoshi, hakulivuta neno mpaka likachanika. Ameongeza "e" ndogo, "jina lako e litukuzwe", kama wafanyavyo waimbaji wa ngoma popote Bara. Mtu aliyefanya hivi ameisikiliza lugha, au alikuwa na mtu pembeni wa kumsikilizia. Na kweli alikuwa naye: maneno ya wimbo yalipangwa na Chris Kiagiri, na jina lake limeandikwa kwenye kazi hiyo, ingawa wanaousifu wimbo huo hawalitaji mara nyingi. Ningependa tulitaje zaidi. Bila masikio ya aina ile Tin angeandika utenzi mwingine wa "mbinguní".

Maneno yenyewe yanaonyesha yalikotoka. "Chakula chetu tunachohitaji" si "mkate wetu wa kila siku" wa Misa, wala si "riziki yetu" ya Biblia ya zamani ya Union Version. Ni Biblia Habari Njema, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili cha kawaida cha siku hizi. "Utakalo lifanyike", "waliotukosea", "utuokoe na yule mwovu", vyote vimo humo. Binafsi naona "riziki" ndilo neno zuri kuliko yote kwa mahali hapo, lina harufu ya Pwani na lina imani ndani yake kwamba anayetoa ni Mungu. Lakini kwa muziki "tunachohitaji" ni zawadi: silabi sita zinazokimbia kama mtoto anayeteremka kilima, halafu zinasimama.

Kuna na jambo la "yetu". Mwanzoni mwa sala neno hili linatokea mara moja tu. Tin amelikata, akaipa kwaya ilirudie peke yake: yetu, yetu, amina. Kisarufi halijasimama vizuri, kwani kivumishi kimeachwa bila nomino. Kimuziki limekuwa kiitikio cha umati unaodai: huyu Baba ni wetu. Na "amina" imekuja kabla hata ya ombi la kwanza. Mhakiki wa kanisani angesema sala imevurugwa. Mimi naisikia kama ile amina ya watu wanaoitikia mahubiri yakiwa bado yanaendelea, mchungaji hajamaliza sentensi, mama wa kiti cha mbele tayari ameshaafiki.

Kwa hiyo lugha imetendewa haki. Linabaki suala la sauti, na hapa lazima tuseme ukweli: Tin alipotaka Kiswahili alikwenda Soweto. Miaka mitano baada ya Calling All Dawns alitoa albamu nyingine, The Drop That Contained the Sea, inayofuata safari ya maji kutoka theluji hadi bahari na kurudi angani. Humo umo wimbo "Waloyo Yamoni", wenye maneno ya Kilango, lugha ya watu wa kaskazini mwa Uganda. Waimbaji? Soweto Gospel Choir tena, wakiungana na kwaya za Magharibi. Kati ya Lira, mji wa Walango, na Soweto ni mbali kuliko kati ya Lisbon na Warsaw, na Tin asingemwita Dulce Pontes aimbe Kipolandi. Kireno kimepata mwenyewe. Sisi huku tumepata mwakilishi mmoja.

Nasema hivi bila chuki na waimbaji wa Soweto, ambao ni mabingwa. Pia nasema nikijua kwamba hoja yangu ina tundu, tena kubwa. Tundu hilo ni wimbo wa taifa.

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" kwa Kixhosa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 tuliichukua tuni yake na kuitia maneno ya Kiswahili, na leo kila mtoto wa Tanzania anaimba "Mungu ibariki Afrika" kifua mbele bila kuwaza kwamba tuni hiyo ilisafiri. Hamoni ya Sontonga nayo ilikuwa imetoka katika tenzi za Kimethodisti, zikayeyushwa na uimbaji wa watu wake. Maneno ya Kiswahili juu ya kwaya ya Afrika Kusini yenye asili nusu ya Ulaya: Tin hakubuni mchanganyiko huo. Sisi wenyewe tuliuchagua karibu nusu karne kabla yake na kuufanya kitu kitakatifu kuliko vyote tunavyoimba tukiwa tumesimama.

Ukigeukia Pwani kutafuta muziki "safi" wa Waswahili, hutaupata vilevile, na heri usiupate. Taarab ya Unguja ina udi na qanuni kutoka Uarabuni, fidla za Ulaya zilizopitia Cairo, melodi za filamu za Kihindi, na chini ya vyote hivyo mapigo ya ngoma za hapahapa. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na Waswahili wakanunua santuri hizo wakisema ni zao. Walikuwa sahihi. Kwaya za Bara nazo ni watoto wa harusi kati ya utenzi wa Kilutheri au Kikatoliki na ngoma ya kijijini. Miongo kadhaa kabla ya Tin, Padri Stephen Mbunga wa Tanzania alitunga misa nzima kwa melodi za Kibantu, na jina lake ni Misa Baba Yetu. Kila nikiona mtu anaandika kwamba Tin ndiye aliyeipa Sala ya Bwana ya Kiswahili muziki wake, namkumbuka Mbunga na roho inauma.

Basi kosa la Tin, kama ni kosa, haliwezi kuwa kuchanganya. Kuchanganya ndiyo desturi yetu. Tatizo langu ni lingine: mara nyingi Tin anachanganya lugha, halafu watu wanamsifu kwa kuchanganya muziki, na mambo hayo mawili hayafanani.

Rudi kwa "Waloyo Yamoni". Maneno yake ni sala ya kuomba mvua, ya kuitikiana, mmoja akitaja na umati ukiafiki kwamba wanaushinda upepo na wanataka mvua inyeshe. Sala hiyo iliandikwa na J. H. Driberg, afisa wa utawala wa kikoloni wa Uingereza, katika kitabu chake juu ya Walango cha mwaka 1923. Kilango ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno hubeba maana. Kitabuni maneno yapo. Namna yalivyotamkwa juu na chini na wazee wanaoita mvua haipo. Tin akaichukua orodha hiyo ya maneno akaipa melodi yake mwenyewe, pana, ya furaha, inayokua mpaka dari la ukumbi linataka kung'oka. Ni wimbo wa kusisimua kweli. Nimeusikiliza mara nyingi na sijachoka. Lakini kile Kilango kinachokijua kuhusu sauti, ule muziki uliokuwa tayari ndani ya usemi, haujaingia. Kwa Kiswahili, ambacho hakina toni na kinajitawala kwa mkazo, mbinu ya Tin imefaulu. Kwa Kilango amejikuta na ganda.

Mlinganishe na Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, akasoma hadi udaktari wa utunzi Marekani na kufundisha Makerere. Kazi yake ya ala nne za nyuzi, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani njiani mwa Msalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapiga ala nne za nyuzi, katika albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992. Humo hamna neno hata moja linaloimbwa. Hakuna lugha ya kuonyesha. Lakini zile ala zinacheza kama watu wanaokaa kwenye amadinda, marimba kubwa ya Kiganda, ambapo mpigaji mmoja huweka noti zake katikati ya noti za mwenzake aliyeketi mkabala naye, na melodi unayoisikia haijapigwa na yeyote kati yao peke yake, bali imezaliwa hewani kutokana na mikono yao wote. Tamusuza amechukua akili ya muziki wa Kiganda, siyo sura yake. Mtu asiyejua hata neno moja la Kiganda anaifahamu Buganda kwa dakika chache kupitia ala za Wazungu.

Huo ndio mchanganyiko mgumu. Unadai mtunzi akubali muziki wa kigeni umbadilishe namna anavyofikiri, na wakati mwingine umnyime hamoni yake anayoipenda. Tin hunyimwa mara chache. Kijapani, Kireno, Kimaori, vyote vikipita mikononi mwake vinatoka vikiwa na mawimbi yaleyale ya okestra, kupanda kulekule kuelekea kilele. Ni mtunzi mwenye kipaji kikubwa cha melodi, na melodi zake ni nzuri. Ila ni zake.

Lipo jambo linalonipa matumaini juu yake. Mei 2024 Washington National Opera walionyesha Turandot ya Puccini ikiwa na mwisho mpya uliotungwa na Tin, kwa maneno ya Susan Soon He Stanton. Puccini alifariki mwaka 1924 bila kuimaliza opera hiyo ya binti mfalme wa Kichina, ambamo aliweka "Mo Li Hua", wimbo wa Kichina wa ua la asumini, akiusikia kutoka mbali sana. Karne moja baadaye, mtoto wa wahamiaji wa Hong Kong anaitwa kumalizia sentensi ya Mwitaliano aliyewaza China bila kuiona. Huko Tin hakuwa mgeni anayeazima. Alikuwa mtu anayejibu. Nadhani mtu aliyewahi kukaa upande huo wa meza anaweza kuelewa kwa nini tunauliza kuhusu Soweto.

Nami sitaki kuishia kumdai yeye tu. Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, chuo kinachofundisha qanuni, udi na fidla tangu mwaka 2002. Kwaya zetu zina walimu wanaoandika sauti nne kwa solfa kwenye madaftari ya mistari, usiku, baada ya kazi, bila malipo. Wapo wenye uwezo wa kuandikia okestra lakini hawajawahi kukaa mbele yake hata jioni moja. Redio zetu zimekuwa tayari kupiga "Baba Yetu" ya Grammy kwa fahari, "Kiswahili kimeshinda Marekani", na sijasikia zikipiga misa ya Mbunga. Fahari ile ninaielewa. Niliihisi mwenyewe.

Kwaya ninayoimba iliufanyia mazoezi wimbo wa Tin kwa wiki sita kabla ya Pasaka. Mimi ni teno. Mwalimu alituandikia solfa ubaoni, tukaweka kayamba na manyanga mahali pa okestra, na ngoma ikawa ya kwetu kabisa, kwa sababu mpigaji wetu alikataa kufuata rekodi. Siku ya ibada, mwanzishaji aliporusha "Baba yetu", waumini kwenye mabenchi walianza kutufuata bila kuombwa, maana ni sala yao. Tulipofika "litukuzwe", kanisa zima likaingia "ufalme wako", na sisi tukawa tumeshakwenda kwenye chakula. Sauti mbili zikagongana kwa mistari miwili mitatu. Nilimwona mwalimu akitabasamu, mikono ikiendelea kuhesabu. Watu wakanyamaza, wakasikiliza, wakasubiri. Na tulipoufikia mwishoni kabisa, "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", wakaingia wote kwa pamoja, wazee kwa watoto, kwa nguvu ambayo haimo kwenye rekodi yoyote ya wimbo huo niliyowahi kuisikia.